Shokapu za gari lililoinuliwa: tepu kwanza, duka baadaye

Wenye magari ya porini huniletea swali lilelile: "Nimeinua gari inchi 2, ninunue shokapu gani?" Inchi 2 peke yake hazinisaidii kukujibu. Magari mawili ya aina moja, yote yameinuliwa inchi 2, yanaweza kuhitaji shokapu tofauti kabisa kwa sababu moja lina bampa la chuma na winchi, jingine halina kitu. Moja limeshushiwa mpira wa kugotea (ule unaoizuia ekseli isigonge chasisi), jingine bado lina ule wa kiwandani.

Tuelewane kwanza kwamba shokapu haibebi gari. Uzito unakaa kwenye springi. Shokapu inaizuia springi isirukeruke, iwe inabonyea au inarudi, na nishati ya mruko huo inageuka kuwa joto ndani ya oili. Kweli, shokapu yenye gesi ya shinikizo kubwa inasukuma kidogo: rodi ya milimita 22 ikiwa na gesi ya bar 14 inasukuma kwa takriban kilo 54, basi. Anayekwambia ununue shokapu ndefu ili gari lisimame juu zaidi amechanganya mambo, labda kama gari lako ni la zile ambazo springi imefungwa juu ya shokapu yenyewe.

Na kama ulichoinua ni bodi tu, yaani vipande vimewekwa kati ya bodi na chasisi, usisumbuke. Ekseli haijasogea kutoka kwenye chasisi, kwa hiyo urefu wa kiwandani unabaki sahihi. Makala hii ni ya walioinua kwa springi.

Kila shokapu ina vipimo viwili vya urefu: ikiwa imenyooka yote na ikiwa imebonyea yote. Tofauti yake ndiyo mwendo. Watu wengi hukazia macho kile cha kwanza, nami naona cha pili ndicho kinachovunja vitu. Chukua mfano. Shokapu ya kiwandani imenyooka ina milimita 600, imebonyea ina 370. Gari likisimama kawaida inakaa kwenye 480, na mpira wa kugotea ukibanwa hadi mwisho inakuwa kwenye 385. Hapo imebaki nafasi ya milimita 15 kabla pistoni haijagonga chini, ni salama. Sasa umeweka springi mpya na ekseli imeshuka milimita 50. Shokapu inakaa kwenye 530. Gurudumu lililokuwa na milimita 120 za kuning'inia sasa lina 70 tu, na kwenye shimo utasikia gari linagonga juu, kwa sababu shokapu inafika mwisho wa kunyooka na kuivuta ekseli kwa kishindo.

Unakwenda kununua ndefu: 650 ikinyooka, 395 ikibonyea. Kuning'inia kumerudi kama mwanzo. Lakini mpira wa kugotea bado unamaliza kazi yake kwenye 385, na shokapu imeshafika mwisho kwenye 395. Uzito wote wa kishindo unaingia kwenye shokapu kabla ya mpira kuuzuia. Matokeo ni rodi iliyopinda, jicho (tundu la kupitishia boliti) lililokatika, au kishikio kilichong'oka kwenye chasisi. Dawa yake ni kushusha mpira wa kugotea kwa milimita 25 hivi, ili ile nafasi ya 15 irudi. Ndiyo, umepoteza sehemu ya mwendo wa juu. Ndivyo ilivyo: shokapu ndefu zaidi ina mwili mrefu zaidi, na mwili huo unahitaji mahali pa kukaa.

Namna ya kupima ni ya uchafu lakini haina maajabu. Weka gari juu ya stendi imara chini ya chasisi, kamwe usitegemee jeki peke yake. Toa shokapu na springi, kisha pandisha ekseli kwa jeki mpaka mpira wa kugotea uguse, pima kutoka boliti ya juu hadi ya chini, halafu ondoa unene ambao mpira utabonyea ukipigwa kweli. Baada ya hapo pandisha upande mmoja na kushusha mwingine. Usiruke hatua hiyo kama gari lina ekseli nzima, yaani moja inayounganisha magurudumu mawili, kwa sababu gurudumu moja likiwa juu na jingine chini, shokapu hufika mbali kuliko magurudumu yote yakipanda pamoja. Upande wa kushuka, angalia hozi ya breki, waya wa ABS, na pembe ya propela (shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli). Chochote kinachokaza kwanza ndicho kinachokupangia urefu wa mwisho. Kama ni hozi, badilisha hozi. Kama ni propela, tafuta mkanda wa kuzuia ekseli isishuke zaidi. Usiiachie hozi ya breki kazi hiyo.

Shokapu iliyolala inakudanganya kwenye hesabu. Ikiwa imeinama digrii 30 kutoka wima, milimita 50 za ekseli ni kama 43 kwenye shokapu. Kwa magari ambayo kila gurudumu la mbele lina mikono yake, tofauti ni kubwa zaidi: shokapu ikifungwa katikati ya mkono wa chini, inasogea takriban nusu ya gurudumu, na nguvu yake ya kuzuia ikifika kwenye gurudumu inabaki robo. Ndiyo maana shokapu ya mbele ya gari la namna hiyo huwa ngumu kiasi kwamba ukiibonyeza kwa mkono unadhani imekwama.

Ukishapata urefu, ndipo uchague aina. Ya mabomba mawili, moja ndani ya jingine, ni nafuu, inatulia barabarani, na jiwe likibonyeza bomba la nje kidogo huendelea kufanya kazi. Udhaifu wake ni joto na povu, na lazima ikae wima au karibu na wima. Ya bomba moja ina gesi ya naitrojeni iliyotengwa na oili kwa pistoni inayoelea, hivyo oili haitoi povu kirahisi, na inapoa vizuri kwa sababu bomba lenye oili linapigwa na upepo moja kwa moja. Lakini bomba hilohilo likibonyezwa na jiwe, pistoni inakwama. Mimi kwa gari linaloishi kwenye mawe, kwa mwendo wa kutambaa, sioni ubaya wowote wa mabomba mawili yaliyo manene. Gari linalokimbia masaa kwenye barabara ya vumbi yenye vijituta vilivyopangana kama bati ni habari nyingine. Vijituta vikiwa kila sentimita 70, ukienda kilomita 50 kwa saa, shokapu inapigwa kama mara 20 kila sekunde. Hapo bomba moja inastahili bei yake. Kitangi cha pembeni kinaongeza oili, tena kinaihamishia gesi nje ya mwili, kwa hiyo unapata mwendo mrefu ndani ya urefu mfupi. Kama vipimo vyako vimekubana, hiyo ni sababu nzuri zaidi ya kukinunua kuliko sura yake.

Ugumu wa vali (zinazobana njia ya oili ndani ya shokapu) ufuate springi na uzito unaobebwa kila siku, si ule wa safari moja kwa mwaka. Springi ikiongezeka ugumu kwa asilimia 40, uzito ukiwa uleule, shokapu inahitaji kuongezeka kama asilimia 18 tu. Wauzaji hupenda kukupa ngumu kupita kiasi kwa sababu dukani inaonekana ya maana. Ikiwa ngumu mno upande wa kurudi, gurudumu halishuki kwa wakati kabla ya kijituta kinachofuata. Gari linazidi kulala chini huku likitikisika, na dereva anadhani springi zimechoka. Tairi kubwa na nzito nazo zinaongeza kazi, kwa hiyo mtajie muuzaji ukubwa wa tairi pamoja na uzito wa mbele na wa nyuma uliopimwa kwenye mizani. Zenye vifungo vya kurekebisha, anza laini, ongeza kidogo kidogo.

Wakati wa kufunga, boliti za bushi za mpira zikazwe gari likiwa limekanyaga chini kwa magurudumu yake. Ukizikaza likiwa linaning'inia, bushi zitajikunja kila dakika na kuchanika mapema. Baada ya safari ya kwanza ya vijituta, pima joto la kila shokapu kwa kipimajoto cha mbali, usiguse kwa mkono. Utando mwembamba wa oili kwenye rodi si tatizo, tone linalodondoka ni tatizo. Na katika mbili za ekseli moja, ile iliyobaki baridi wakati mwenzake inaunguza ndiyo uifungue kwanza, maana haifanyi kazi.