Sarufi ya Kifaransa: Majibu kwa Watahiniwa wa DELF, Nairobi

Kila usajili wa DELF, mtihani wa cheti cha Kifaransa, unapokaribia, dawati letu hapa Nairobi hujaa maswali yaleyale: jinsia za nomino, vitenzi visaidizi être (kuwa) au avoir (kuwa na), na malalamiko kuhusu alama. Tunayajibu hapa kwa pamoja.

Makosa mengi tunayosahihisha hayaletwi na ugumu wa Kifaransa. Yanaletwa na kukipitisha kwanza kwenye Kiingereza. Mtahiniwa anaandika «je suis 20 ans», ilhali kwao husema "nina miaka 20", na Mfaransa naye husema j'ai 20 ans. Ana njaa: j'ai faim. Ana kiu: j'ai soif. "Ninaishi Nairobi tangu 2019" ni wakati uliopo, na j'habite à Nairobi depuis 2019 vilevile. Anayetamka "nakupenda" kila siku hana sababu ya kutuuliza kwa nini te hutangulia kitenzi katika je t'aime.

Kuhusu être na avoir, tunaomba watu waache kukariri orodha ya vitenzi bila kutazama yambwa, yaani kile kinachotendwa. Je suis descendu du matatu: nimeshuka. J'ai descendu les valises: nimeshusha masanduku. Je suis sorti, nimetoka. J'ai sorti la poubelle, nimetoa pipa la taka. Kiswahili hubadilisha kitenzi chenyewe, Kifaransa hubadilisha kisaidizi. Na les lettres que j'ai écrites? Yambwa imetangulia, basi upatanisho ni lazima (ile -es ya écrites), kama -zo- katika "barua nilizoandika". Ikifuata nyuma, j'ai écrit les lettres, hakuna upatanisho.

Jinsia hazina siri wala njia ya mkato inayouzwa mitandaoni. Maneno ya -tion karibu yote ni ya kike, mengi ya -té pia. Ya -age kwa kawaida ni ya kiume, isipokuwa machache kama page, plage, image na cage. Mtu aliyekua na ngeli zote zile analalamikia jinsia mbili!

Sasa alama. Mtihani una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja alama 25. Kufaulu ni 50 kati ya 100, na lazima upate angalau 5 katika kila sehemu. Mwenye jumla ya 62 lakini 4.5 katika kuandika hajafaulu, na kupiga simu mara kwa mara hakutaibadilisha hiyo 4.5. Tahajia iliyorekebishwa mwaka 1990 inakubalika, na ile ya zamani pia. Hakuna anayekatwa alama kwa kuandika août au aout.

Viwango vinajitegemea: unaweza kufanya B1 bila kupitia A2, kiwango kilicho chini yake. Cheti cha DELF hakiishi muda, kwa hiyo hakuna cha kuhuisha. Jina kwenye fomu liwe lilelile la kitambulisho au pasipoti, herufi kwa herufi, maana ndilo litakalochapishwa kwenye cheti.