Je, wajua kwa nini kaseti ya Nintendo hukubali baada ya kupulizwa?

Kaseti ikigoma, itoe, ipulize, irudishe. Dawa hii ilienea kila palipokuwa na Nintendo, na mara nyingi gemu iliwaka kweli. Lakini pumzi haikuwa na sifa kubwa hapo. Kilichosaidia ni kule kuitoa kaseti na kuirudisha.

Asili ya tatizo ni umbo la mashine. Famicom, mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, ilipokea kaseti kwa juu, ikizama wima kwenye soketi ya pini 60. Nintendo ilipotaka kuingia Marekani mwaka 1985, soko la gemu za televisheni huko lilikuwa limeanguka, na wenye maduka hawakutaka hata kuzisikia. Kwa hiyo Nintendo Entertainment System, yaani NES, iliundwa ifanane na deki ya video: kaseti inasukumwa ndani kwa mbele, kisha inakandamizwa chini. Soketi yake ina pini 72 zinazopinda kidogo kila kaseti inaposhushwa. Zikipindwa miaka nenda miaka rudi, hulegea na kuacha kubana. Ongeza vumbi na utando wa kutu kwenye meno ya kaseti, yaani vile vipande vya chuma vya ukingoni vinavyogusa pini, na umeme unakosa njia.

Ukiitoa kaseti na kuirudisha, chuma hukwaruzana na chuma, utando unachubuka, na pini zinatua mahali tofauti kidogo na mwanzo. Hiyo ni bahati nasibu, na kila jaribio ni tiketi mpya. Unyevu wa pumzi huenda ukasaidia umeme kupita kwa muda mfupi, lakini baadaye mate hayo hayo hula shaba na kuacha ukungu wa kijani. Nintendo yenyewe iliwahi kuwaonya wateja wasipulize kaseti wala mashine.

Kabla ya kushika bisibisi, tazama kioo cha televisheni, maana kila dalili ina mahali pake.

Taa ya kuwashia ikipepesa takriban mara moja kwa sekunde, na kioo nacho kikiwaka na kuzima, mtuhumiwa wa kwanza ni chipu ya ulinzi. Ndani ya NES kuna chipu moja, na nyingine ndani ya kaseti, na hizo mbili huwasiliana muda wote kupitia pini nne kati ya zile 72. Zisipoelewana, chipu ya mashine huirudisha prosesa mwanzo, tena na tena. Iliwekwa kuzuia kaseti zisizo na kibali, lakini huwaadhibu hata wenye kaseti halali iliyochafuka. Famicom haina chipu hiyo. Mashine za kuiga zinazotumia kaseti za pini 60, za aina iliyozoeleka pia Afrika Mashariki, nazo hazina, ndiyo maana hazipepesi kwa namna hiyo.

Kioo kikiwa na rangi moja tu bila kupepesa, chipu zimeelewana lakini programu haisomeki. Na kama gemu inacheza, muziki unasikika, ila picha zimevurugika kwa herufi na vipande visivyoeleweka, basi programu ni nzima. Kaseti za NES huhifadhi programu na picha kwa njia mbili tofauti, na hapo pini za upande wa picha ndizo zisizogusa.

Wapo wanaokata mguu wa nne wa chipu ya mashine ili kuinyamazisha. Kupepesa kunaisha kweli, lakini pini chafu zinabaki chafu, na picha zitaendelea kuvurugika. Safisha kwanza.

Kaseti nyingi za NES hufunguliwa kwa bisibisi maalumu ya milimita 3.8, zile za mwanzo zina skrubu tano za kawaida. Chovya pamba ya masikio kwenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, sugua meno pande zote mbili, na badilisha pamba mpaka itoke nyeupe. Acha ikauke kabisa. Nyuma ya kaseti kuna onyo dhidi ya alkoholi, benzini na thina. Thina iheshimu, kwani inayeyusha plastiki. Isopropili kwenye meno peke yake haina shida, mradi usiiguse lebo. Uchafu mkaidi utaondolewa na raba laini ya penseli. Msasa usiuguse: dhahabu iliyopakwa kwenye meno ni nyembamba mno, na ikishatoka, kutu haizuiliki tena.

Upande wa mashine, fungua skrubu sita za chini, ondoa bati la kinga na trei, kisha chomoa soketi kwenye ukingo wa bodi. Ichemshe kwa maji safi dakika tano hadi kumi, ingiza na kutoa kaseti safi mara kadhaa, uirudie kazi hiyo, kisha iache ikauke siku nzima. Safisha pia ukingo wa bodi inapokaa. Soketi mpya za bei nafuu zipo, lakini nyingi hubana kaseti hadi kuitoa kunahitaji misuli. Ile ya asili ikiokoka, ni bora.

Gemu inayowaka vizuri lakini inasahau ulipofika, kama The Legend of Zelda, ina ugonjwa mwingine: betri, kwa kawaida CR2032 ya volti 3. Ipime kwa mita. Ikiwa chini ya volti 2.5, ibadilishe. Nunua yenye miguu iliyounganishwa kiwandani, kwa sababu kulehemu juu ya betri yenyewe kunaweza kuipasua. Fuata alama ya + kwenye bodi. Ulichohifadhi kitafutika betri ya zamani ikitoka. Katika gemu hiyo, shikilia RESET unapozima, la sivyo umeme unaoyumba unaweza kuharibu kumbukumbu.

Jambo la mwisho ni adapta. Ya NES ya Marekani hutoa volti 9 za AC na imetengenezwa kwa umeme wa volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 au 240 ya kwetu, itaungua. Famicom inataka DC ya volti 10, hasi ikiwa katikati ya plagi. Adapta ya NES ikichomekwa kwenye Famicom inaweza kuiua mashine, kwa hiyo soma lebo ya adapta kabla ya kuwasha chochote.