Tunanunua Maji kwa Bei ya Mahindi

Kila nikikaa na wenye mashine za unga, iwe Kampala au Masindi, malalamiko ni yale yale: umeme ghali, mafuta ya lori ghali, Wakenya wanatubania mpakani. Umeme nawaachia wahandisi. Bwawa la umeme la Karuma na megawati zake 600 lilizinduliwa Septemba 2024, laini za mitaani ni habari nyingine. Kazi yangu ni nafaka, na nionavyo mimi unga wa Uganda unapoteza soko mapema sana, siku mkulima anapopandisha gunia kwenye mizani ya mnunuzi wa kijijini.

Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi makavu kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na sumukuvu, yaani aflatoksini, isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Namba hizi mbili zinakwenda pamoja. Mahindi yakikaa na unyevu wa asilimia 17 au 18 ndani ya gunia, kwa joto letu hili, kuvu inajistawisha, na aina moja ya kuvu hiyo ndiyo inayotengeneza sumu. Ikishaingia kwenye punje haitoki kwa kupikwa. Ugali uchemke utakavyo. Kenya wanalijua hilo kwa uchungu: mwaka 2004 watu 125 walikufa huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kwa hiyo Machi 2021 walipofunga mlango kwa mahindi ya Uganda na Tanzania, kisha baada ya siku chache wakaufungua kwa masharti ya usajili na cheti, mimi sikuwa miongoni mwa waliopiga kelele za siasa. Mwaka 2023 Sudan Kusini nao wakazuia malori yetu kwa sababu hiyo hiyo. Wateja wawili wakubwa, lalamiko moja.

Sasa njoo kwenye mizani. Tuseme kilo ni shilingi 1,000. Mkulima wa Kiryandongo ana kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18. Akiuza leo, anaondoka na 100,000. Akiyaanika mpaka asilimia 13.5, maji yanatoka na uzito unashuka hadi kilo 94.8 hivi. Kwa bei ile ile atapata 94,800. Amenunua turubai, ameshinda juani akifukuza kuku, amekimbizana na mvua, halafu amelipwa pungufu ya shilingi 5,200 kuliko jirani yake aliyeuza mabichi. Ili asipate hasara kwenye uzito tu, bila kuhesabu jasho, alipwe kama 1,055 kwa kilo. Nani anamlipa hivyo? Dalali anachovya mkono guniani, anatafuna punje moja, anasema "haya, pakia."

Watu husema wakulima wetu hawana elimu ya kukausha. Mama mmoja wa Bweyale alinijibu vizuri nilipoanza kumhubiria: "Mwalimu, kukausha naweza. Wewe nitafutie anayenunua makavu." Sikuwa na la kuongeza.

Mwenye kinu naye anajidhulumu. Kilo 5.2 za maji amezilipia kama mahindi, amezisafirisha kwa lori mpaka Kisenyi, mtaa wa vinu Kampala, na mahindi mabichi yanaziba chekeche na kula umeme. Unga wake unashikana mabonge kwenye mfuko na kuvunda mapema dukani. Halafu anashangaa kwa nini bei yake haifui dafu Nairobi. Wengine wanataka kutibu haya kwa kujenga maghala makubwa ya chuma. Ghala halikaushi. Ukimwaga humo mahindi mabichi bila mashine ya kukaushia, umeyaatamia tu.

Kipima unyevu ndicho chombo cha kwanza kununua, na kiwekwe mezani muuzaji aone namba mwenyewe. Kikifichwa ofisini ni wizi mwingine tu. Kwa mkulima asiye nacho, chupa ya soda ya kioo inasaidia. Ioshe, ikauke kabisa. Tia mahindi kama theluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi uliyoianika ikakauka, funga, tikisa dakika moja, kisha acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu uko juu ya asilimia 15: rudisha juani. Isiponata, umeshuka chini ya hapo, lakini bado hujathibitisha 13.5, kwa hiyo anika tena kidogo. Na anika juu ya turubai, tafadhali. Kando ya lami unakusanya kokoto na mavi ya mbuzi. Kupukuchua kwa kupiga gunia fimbo nako kunapasua punje, na kuvu inapenda mlango ulio wazi.

Kuna jambo linalogombanisha watu sana mpakani: mzigo umepita maabara Kampala, umefeli Busia. Mara nyingi hakuna aliyedanganya. Sumukuvu haikutawanyika sawasawa. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia. Ukichota kiganja kimoja juu ya gunia moja, unacheza bahati nasibu. Choma bambo, ule mrija wenye ncha wa kuchotea nafaka, kwenye magunia mengi, juu, kati na chini, ukusanye kilo kadhaa, uzisage zote pamoja, ndipo ugawe sampuli.

Kukoboa kunapunguza sumu kwa kuwa nyingi iko kwenye ganda na kiini, ila pumba hizo zinakwenda kwa ng'ombe, na sehemu ya sumu inatokea kwenye maziwa. Wenye viwanda vya maziwa wana haki ya kuuliza pumba zimetoka wapi.

Kwa wenye vinu, jedwali la bei ndilo ninalolisukuma: bei kamili kwa 13.5, ikipungua kwa kila asilimia inayozidi, na juu ya 16 hupokei kama huna kikaushio. Tatizo ni jirani. Ukianza peke yako, dalali anavuka barabara kwenda kwa yule anayelipa taslimu bila kupima. Kwa hiyo kabla ya mavuno ya Novemba, wanunuzi wa kituo kimoja cha biashara wakae, wakubaliane jedwali moja na kipimo cha aina moja, na walibandike ukutani kabla gunia la kwanza halijashushwa.