Yanayosemwa Msibani Kuhusu Faili la Mwanajeshi

Msiba wa mwanajeshi huku Marekani una jambo lake. Siku ya tatu au ya nne, wageni wameanza kupungua na masufuria ya kuazima yamerudishwa, mjane anatoa bahasha ya kaki na kutandaza karatasi mezani. Hapo kila mtu ana la kusema. Shemeji anasema faili limeshafungwa, jirani anasema liliungua zamani, na kwenye simu kuna mjomba kutoka Nakuru anayesisitiza kwamba bila wakili hakuna kitu. Nimekaa kwenye meza za namna hiyo zaidi ya mara moja. Watoto wetu wengi wamevaa gwanda la nchi hii. Wapo hata walioingia kupitia mpango wa MAVNI, ulioanza mwaka 2008 ukitafuta wageni wenye taaluma ya tiba au lugha ambazo jeshi lilizihitaji, Kiswahili kikiwa mojawapo. Kila ninapoinuka kwenye meza hizo naumia, kwa sababu haki nyingi za wafiwa hupotelea pale pale, kwa maneno ya watu wema wasiojua.

Karatasi yenyewe ni DD 214, hati anayopewa mwanajeshi anapoachana na jeshi. Imegawanywa visanduku vyenye namba. Kisanduku cha 12 kina tarehe za utumishi, cha 13 kina nishani. Cha 24 ndicho kizito, maana kinasema kama aliondoka kwa heshima au la, na cha 28 kinataja sababu. Mama mmoja aliniletea ya marehemu mumewe, imekunjwa mara nne hadi mikunjo imeanza kutoboka. Iliishia kabla ya kisanduku cha 24. Kwa muda mrefu alikuwa amebeba moyoni wazo kwamba jeshi lilimficha kitu. Kumbe hati hiyo hutolewa kwa nakala mbalimbali: nakala namba 1 ni fupi na haionyeshi aina ya kuachishwa, nakala namba 4 ndiyo kamili. Tuliagiza iliyo kamili. Ilipofika, kisanduku cha 24 kilisema aliondoka kwa heshima. Mama yule hakuwa na kosa la kurekebisha, alikuwa na nakala isiyo kamili tu. Kwa hiyo kabla ya kubishana juu ya faili, hakikisheni mnaliona lote.

“Mtu akishafariki, faili limefungwa.”

Hili ndilo la kwanza kusikika na ndilo linaloniuma kuliko yote. Sheria inasema kinyume. Tangu mwaka 1946, Bunge la Marekani, lililochoka kutunga sheria ndogondogo za kumsafisha mwanajeshi mmoja mmoja, lilikabidhi kazi hiyo kwa majeshi yenyewe kupitia bodi za raia. Jeshi la nchi kavu lina bodi yake. Ya wanamaji inashughulikia pia askari wa Marine. Ya anga inabeba na kikosi cha anga za juu, na walinzi wa pwani wana ya kwao. Sheria inataja wazi kwamba anayeweza kuomba ni mwanajeshi mwenyewe, mrithi wake, au mwakilishi wake kisheria. Fomu ni DD 149, na kwa marehemu inaambatanishwa na cheti cha kifo pamoja na uthibitisho wa uhusiano.

Anayebisha namsimulia habari za Henry O. Flipper. Alizaliwa mtumwa huko Georgia mwaka 1856, na mwaka 1877 akawa Mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha maafisa cha West Point. Mwaka 1881, akiwa Fort Davis, Texas, alifikishwa mahakama ya kijeshi kwa tuhuma za ubadhirifu. Ubadhirifu haukuthibitika, lakini akatiwa hatiani kwa mwenendo usiomfaa afisa, na mwaka 1882 akafukuzwa jeshini. Alihangaika maisha yake yote kulirudisha jina lake hadi alipofariki mwaka 1940, hajafanikiwa. Mwaka 1976, miaka 36 baada ya kifo chake, bodi ya jeshi ilibadili kule kufukuzwa kukawa kuondoka kwa heshima. Hatia yenyewe bodi ilisema haina mamlaka ya kuifuta, hivyo ikabaki hadi Rais Clinton alipompa msamaha mwaka 1999. Faili la marehemu huyo lilifunguliwa mara mbili, katika milango miwili tofauti, na kila mlango ulitoa kile ulichoweza kutoa.

Na milango hiyo haijafanana hadi leo. Kwa kesi zilizosikilizwa chini ya sheria ya kijeshi iliyoanza kutumika mwaka 1951, bodi haiwezi kufuta hatia. Inaweza kupunguza adhabu kwa huruma, na kwa familia nyingi hilo linatosha, kwa sababu kinachozuia mambo mara nyingi ni namna ya kuachishwa jeshi, na namna hiyo ilikuwa sehemu ya adhabu.

“Miaka mitatu imeshapita.”

Miaka mitatu ya kupeleka ombi kwa bodi ipo kweli kwenye sheria, lakini huhesabiwa tangu kosa la kwenye faili lilipogunduliwa, si tangu mtu alipoachana na jeshi. Na hata ikipita, bodi inaruhusiwa kuisamehe pale haki inapodai hivyo. Fomu ina sehemu ya kueleza sababu ya kuchelewa. Ijazeni kwa ukweli: kwamba karatasi mliiona baada ya mazishi, kwamba baba hakuwahi kuzungumzia vita. Muda unaochanganywa na huo ni ule wa bodi nyingine, inayopitia aina ya kuachishwa peke yake, kwa fomu DD 293. Hiyo ina ukomo wa miaka 15 tangu siku ya kuachishwa, na mjane au ndugu wa karibu anaweza kuiendea. Ikishapita 15, mnarudi kwenye bodi ya kwanza.

Ila kuna muda mmoja ambao nawaomba msiuchezee. Mwanajeshi aliyekuwa bado si raia, akafariki kwa jeraha au ugonjwa uliotokana na utumishi wakati wa mapigano, anaweza kupewa uraia baada ya kifo kwa fomu N-644. Ombi hilo lina miaka 2 tangu kifo. Kwa familia zetu zenye makaratasi ya uhamiaji yaliyokaa nusu nusu, miaka hiyo hupita tukiwa bado tunapanga arobaini na kusafirisha mwili.

“Kila kitu kiliungua St. Louis.”

Moto ulikuwepo. Usiku wa tarehe 12 Julai 1973 ghorofa ya sita ya kituo cha kumbukumbu za wanajeshi, nje kidogo ya mji wa St. Louis, Missouri, ilishika moto, na kuuzima kabisa kulichukua siku nne. Yaliteketea majalada kati ya milioni 16 na 18. Hayakuwa na nakala, wala hayakuwahi kupigwa picha za filamu. Lakini haikuwa kila kitu. Yaliyoathirika zaidi ni ya jeshi la nchi kavu kwa walioondoka kati ya Novemba 1912 na Januari 1960, takriban asilimia 80, na ya jeshi la anga kwa walioondoka kati ya Septemba 1947 na Januari 1964, asilimia 75 ya wale ambao majina yao ya ukoo kialfabeti yanakuja baada ya Hubbard. Mumeo aliyetoka jeshini mwaka 2015 hahusiki na moto huo hata kidogo, na bado nimesikia ukitajwa kwenye msiba wa kijana aliyezaliwa baada yake.

Hata waliounguliwa hawakubaki mikono mitupu. Kituo huunganisha upya historia ya mtu kwa vyanzo vingine: hati za malipo ya mwisho, maombi ya zamani ya fidia, na zile taarifa za kila asubuhi ambamo kikosi kiliandika nani yupo, nani mgonjwa, nani ameuawa. Familia hujaza fomu iitwayo NA 13055, ikieleza kikosi, kambi na miaka kadiri inavyokumbuka. Herufi za kikosi nyuma ya picha ya zamani zinaweza kuwa ndiyo kamba ya kulivutia jalada zima.

“Peleka malalamiko, wao watachunguza.”

Hapana. Bodi si polisi wala mpelelezi. Inaanza kwa kuamini kwamba jeshi liliandika sawa, na mzigo wa kuonyesha kwamba liliandika vibaya uko juu yenu. Barua ya kurasa kumi inayosema marehemu alikuwa mtu mwema haifui dafu mbele ya karatasi moja ya wakati ule: amri ya uhamisho, daftari la hospitali ya kambini, barua aliyomwandikia mama yake ikiwa na tarehe. Askari mwenzake aliyekuwepo aandike alichokiona kwa macho yake, lini na wapi, na asaini. Kama marehemu aliachishwa kwa utovu wa nidhamu uliotokana na maumivu ya akili ya vita, au baada ya kubakwa kambini, lisemeni bila haya. Kwa miongozo ya wizara ya ulinzi ya 2014 na 2017, bodi zinatakiwa kuyapima maombi ya namna hiyo kwa jicho la upole. Najua kwetu mambo hayo hayatamkwi mbele ya wakwe. Kwenye karatasi hii yatamkwe.

Maamuzi ya zamani ya bodi yako wazi mtandaoni, majina yakiwa yamefutwa. Tafuteni kesi inayofanana na yenu mwone nini kiliwashawishi. Sheria inazitaka bodi zimalize maombi mengi ndani ya miezi 10 na lisibaki hata moja zaidi ya miezi 18. Mkikataliwa, ushahidi mpya unaweza kulirudisha ombi mezani.

“Baba mkubwa ndiye msemaji wa ukoo, yeye aandike.”

Msibani ni sawa. Kwenye kituo cha kumbukumbu si sawa. Ndugu wa karibu wanaotambuliwa kuomba jalada ni mjane au mgane ambaye hajaoa au kuolewa tena, baba, mama, mwana, binti, kaka na dada. Baba mkubwa, mjomba, mpwa na mjukuu hawamo. Kwa hiyo mwenye kusaini awe mtu sahihi, hata kama anayejua Kiingereza ni mwingine. Na mjane awe na cheti cha ndoa, hata kama ndoa ilifungwa kwa nikahi au kwa mila, pamoja na tafsiri iliyosainiwa na mtafsiri. Jalada likishatimiza miaka 62 tangu mtu aachane na jeshi, linakuwa la umma. Hapo hata mjukuu anaweza kuliagiza kwa kulipia nakala.

Majina nayo huleta mtafaruku. Kijana aliandikishwa kwa majina mawili, pasipoti ina matatu, na cheti cha kifo kimegeuza la kwanza likawa la mwisho. Karani akikosea herufi au tarehe, hilo halihitaji bodi: jeshi husika linaweza kutoa hati ya marekebisho, DD 215, ambayo huambatanishwa na ile ya awali. Lakini kama jina hilo ndilo alilotumikia, bodi kwa kawaida hailigusi, kwa sababu kumbukumbu inapaswa kusema yaliyokuwepo wakati ule. Kinachohitajika ni kuthibitisha kwamba majina mawili ni mtu mmoja.

Kuhusu wakili: ombi ni bure, na wakili si lazima. Vyama vya wanajeshi wa zamani kama American Legion na VFW vina watu wa kusaidia bila malipo. Na idara ya wanajeshi wa zamani, VA, haibadilishi kumbukumbu za jeshi. Inazisoma tu na kuamua mafao.

“Rekodi ikisafishwa, pesa zinamwagika.”

Wakati mwingine mafao ya mjane hufunguka, na ni haki yake kuyadai. Lakini msiingie na hesabu hiyo peke yake. Samuel Snow alikuwa mmoja wa askari Weusi 28 waliotiwa hatiani kwa vurugu za Fort Lawton, Seattle, mwaka 1944. Hatia hizo, za kabla ya sheria ile ya 1951, zilipofutwa mwaka 2007 alipokea hundi ya dola 725, na ilibidi Bunge lirekebishe sheria ili riba iweze kulipwa.

Kwa ghasia za mwaka 1917 mjini Houston, askari Weusi 110 wa kikosi cha 24 walitiwa hatiani, na 19 wakanyongwa. Novemba 2023, kwa mapendekezo ya bodi, jeshi lilizifuta hatia zote na kuandika kwamba waliondoka kwa heshima. Hakuna aliyekuwa hai kusikia. Kwenye makaburi ya Fort Sam Houston mawe yao hayakuwa na cheo wala kikosi. Februari 2024 yaliletwa mapya 17, na ndugu wa ukoo wakasafiri kwenda kuyasoma, kila mmoja akitafuta jina la mtu wake.