Mpatanishi wa mtaani ahesabu hadi siku ya mazishi

Ukitaka kupima mradi wa kupunguza mauaji mtaani, usiulize umefanya semina ngapi. Uliza hivi: kijana akipigwa risasi au kukatwa panga Nyalenda, mtaa wa Kisumu, saa tatu usiku, nani anafika kwa marafiki zake kabla ya saa sita? Kama hakuna jibu, hizo fulana na mabango ni mapambo tu.

Kazi hii ya wapatanishi wa mtaani wanaozuia kisasi ilianza kwa mfumo wake wa sasa Chicago, mtaa wa West Garfield Park, mwaka 2000. Aliyeibuni ni Gary Slutkin, daktari wa magonjwa ya kuambukiza ambaye awali alikuwa amehudumu katika kambi za wakimbizi Somalia. Hoja yake ni kwamba shambulio moja huzaa jingine kama kipindupindu kinavyosambaa, kwa hiyo tafuta mahali linapoelekea ukazuie pale. Anayezuia si askari wala mhubiri. Ni mtu wa mtaa ambaye vijana wenye silaha wanamsikiliza kwa sababu wanajua ametoka wapi. Matokeo hayafanani kila mahali. Baltimore, mtaa wa Cherry Hill ulifanya vizuri huku mitaa mingine ya jiji hilohilo ikiyumba, na tofauti kubwa huwa ni ubora wa watu walioajiriwa na uthabiti wa usimamizi.

Kisumu na Nakuru, bunduki ni chache kuliko panga na visu. Mpatanishi anayesubiri bunduki ndipo aamke atakuwa amechelewa, maana ugomvi wa panga wa Ijumaa ndio unaomfanya mtu atafute bunduki ya kuazima Jumapili.

Chagua eneo dogo. Obunga ya Kisumu peke yake inatosha, au Kivumbini na Bondeni za Nakuru kwa pamoja. Ukisema “Nakuru nzima” umesema hakuna mahali. Eneo la namna hiyo linahitaji wapatanishi wanne hadi sita na msimamizi mmoja. Jopo la kuwachagua liwe na mzee wa mtaa, mama wa chama cha akiba, kiongozi wa dini na mtu mmoja aliyewahi kuwa ndani ya makundi ya uhalifu. Ukidai cheti cha tabia njema bila kubagua, utawafungia nje haohao unaowahitaji. Nami ningekataa watatu: mwenye kesi ya kudhulumu mtoto au mwanamke, anayeendelea kupokea pesa za kundi, na kijana wa mwanasiasa. Huyu wa tatu ndiye hupenya mara nyingi, kwa sababu anajua kuongea.

Walipe mshahara kwa mkataba, si “pesa ya lunch”. Mshahara ukichelewa miezi miwili, mpatanishi atarudi kwenye riziki aliyoizoea, na hapo mradi utakuwa umempa genge mtu mwenye namba za simu za mtaa mzima. Mlipie SHA, bima ya afya ya serikali, na mpe kredito ya simu. Zamu za Ijumaa hadi Jumapili ziwe saa kumi jioni hadi saa sita usiku, wawiliwawili. Mavazi ya kuwatambulisha ni sawa, ila msishone vesti za rifleka, zile za kung'aa usiku: huku kila mtu atadhani ni boda boda.

Kila mpatanishi ashike vijana kumi hadi kumi na watano, si zaidi. Chicago walitumia vigezo saba, na kijana alilazimika kutimiza angalau vinne: yumo kwenye kundi, ana nafasi kubwa ndani yake, ana rekodi ya uhalifu, anafanya shughuli hatari za mtaani, ana umri wa miaka 16 hadi 25, ametoka gerezani karibuni, au yeye au rafiki yake wa karibu amepigwa risasi siku za karibuni. Huku ongeza panga kwenye hicho cha mwisho. Msiwatafute kwa mpira: mashindano ya kandanda huvuta vijana wazuri ambao hawangemdhuru mtu hata bila mpira, na ndiyo sababu picha huwa nzuri na takwimu hazibadiliki.

Sasa shambulio lenyewe. Wawili waende hospitali, iwe Russia (hospitali ya rufaa ya Jaramogi) kwa watu wa Kisumu au PGH (hospitali kuu ya rufaa) kwa wa Nakuru, baada ya kukubaliana mapema na wasimamizi wa idara ya dharura. Wasiulize “nani alikupiga?”, kwa sababu hilo ni swali la polisi na litafunga mdomo wa kila aliye kando ya kitanda. Waulize nani amekasirika zaidi na yuko wapi sasa hivi. Wengine wawili waende besi ya kundi, yaani kijiwe chake. Huko hakuna hotuba. Kazi ni kununua muda: kusikiliza, kuzima uvumi wa WhatsApp kwa kupiga simu upande wa pili, na ikibidi kumpa mwenye hasira nauli aende ushago, kijijini kwao, wiki moja. Bajeti isiyo na nauli ya dharura ina upungufu mkubwa kuliko isiyo na ukumbi.

Chicago husisitiza saa 72 za mwanzo. Majeruhi akifa, mimi nahesabu hadi baada ya mazishi. Mwili unaweza kukaa mochari wiki nzima au zaidi, na kila usiku wa matanga vijana wanakusanyika, wanakunywa na kulitaja jina la adui. Siku ya kuutoa mwili ndiyo ngumu kabisa: msafara wa pikipiki na honi ukipita katikati ya mtaa wa upande wa pili, jiwe moja linatosha. Kwa hiyo kaeni na familia na viongozi wa boda boda siku mbili kabla, mkubaliane njia, saa ya kuondoka na nani atatangulia mbele. Familia ikikubali, disko matanga, yaani muziki na dansi ya usiku msibani, ifungwe mapema au iachwe kabisa.

Habari kutoka polisi zije, za kwenu zisiende. OCS, mkuu wa kituo cha polisi, anaweza kuwaambia pamechafuka wapi, lakini hapewi majina. Liandikeni hilo na litiwe sahihi kabla ya kazi kuanza. Daftari litumie namba badala ya majina, kwani linaweza kuchukuliwa. Mpatanishi akionekana anashuka kwenye Land Cruiser ya polisi, mtafutie kazi nyingine. Kukiwa na njama ya kuua, msimamizi ndiye anaamua, na hatua ya kwanza ni kumwondoa anayewindwa. Aliyepigwa risasi na polisi si kesi ya upatanishi: isaidieni familia kupata P3, fomu ya polisi ya kuthibitisha majeraha, mkaielekeze IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi.

Bunduki ikitolewa, usiiguse. Kuwa nayo bila cheti ni kosa chini ya Sheria ya Silaha hata kama unaipeleka kituoni. Wakili au kiongozi wa dini aipangie njia ya kusalimishwa kabla haijatoka ilikofichwa.

Kwa mwaka wa uchaguzi, na 2027 ndio huo, marufuku ya wapatanishi kujiingiza kwenye siasa ianze kwenye mchujo wa vyama, si kampeni zikishapamba moto.

Mwisho wa mwezi, msihesabu vikao. Iombeni hospitali idadi ya majeraha ya risasi na ya panga kwa kila wadi wanakotoka majeruhi, bila majina, mlinganishe na mwezi huohuo wa mwaka uliopita. Desemba ikilinganishwa na Novemba haitawaambia lolote, kwa sababu Desemba watu wanarudi nyumbani na pesa.