“Ni 13B tu”: dhana potofu kuhusu injini ya rota iliyotumika (injini ambayo rota za pembe tatu huzunguka badala ya pistoni)

Mazda RX-8 chache zinazoonekana Lubumbashi zimefika kama magari mengi ya Japani yanavyofika: meli hadi Dar es Salaam, barabara ya Tunduma, Zambia karibu yote, kisha mpakani Kasumbalesa. Injini ikifa, mwenye gari hutafuta nyingine ya okazi, yaani iliyokwisha kutumika, na hapo ndipo anapoambiwa, “Mukubwa, hii ni treize B (13B), ni ileile tu.” Huenda muuzaji hadanganyi hata kidogo, naye ndivyo alivyouziwa.

Dhana: 13B zote ni moja, popote inapotoka moja itaingia nyingine.

Ukweli: 13B ni kama jina la ukoo. Mazda imelitumia tangu miaka ya 1970 kwa injini za rota mbili zenye sentimita za ujazo 654 kwa kila rota, jumla 1,308. Humo ndani kuna 13B-T ya RX-7 aina ya FC, kuna 13B-RE ya Eunos Cosmo, kuna 13B-REW ya RX-7 aina ya FD iliyouzwa kuanzia 1991 hadi 2002, na kuna 13B-MSP ya RX-8, ile iliyopewa jina Renesis, iliyotengenezwa kati ya 2003 na 2012. Hii ya mwisho ndiyo inayotafutwa zaidi kwetu, na ndiyo iliyo rahisi kuitambua ukijua pa kutazama.

Tazama upande wa moshi. Injini za kabla yake hutoa moshi kupitia ukuta wa nyumba ya rota yenyewe, yaani kipande ambacho rota huzunguka ndani yake, kwa hiyo ukifungua bomba la moshi unakuta matundu mawili, moja kwa kila rota. Renesis hutoa moshi kupitia sahani za pembeni: tundu moja mbele, moja nyuma, na moja katikati ambalo rota zote mbili hulitumia. Jumla matatu. Kifuniko cha plastiki kilichoandikwa RENESIS hakithibitishi kitu. Kinatoka kwa mkono na kinakaa juu ya injini yoyote. Hesabu matundu kabla ya kuhesabu dola.

Dhana: Yenye matundu sita ya hewa ni ya RX-8.

Hapa hata mafundi wazuri hunaswa. Ni kweli kwamba Renesis ilitoka kwa namna mbili, ya matundu manne ya kuingizia hewa na ya matundu sita. Katika RX-8 za mwanzo zilizouzwa Japani, ya manne ilitoa nguvu farasi 210 kwa mizunguko 7,200, na ya sita ikatoa 250 kwa mizunguko 8,500. Lakini RX-7 FC isiyo na turbo nayo ilikuwa na matundu sita, miaka mingi kabla ya RX-8. Kwa hiyo anza na moshi, ndipo uje kwenye hewa. Gia pia zisikudanganye: RX-8 otomatiki za mwanzo, zenye gia nne, zina injini ya matundu manne, ila otomatiki za gia sita zilizofuata zina ya matundu sita.

Dhana: Turbo moja ni FC, turbo mbili ni FD.

Turbo hufungwa kwa bolti. FD nyingi zilivuliwa turbo zake mbili na wenyewe wakafunga moja kubwa, na nyingine husafirishwa bila turbo kabisa kwa sababu turbo ziliuzwa peke yake. Tena Eunos Cosmo nayo ina mbili.

Dhana: Namba iliyogongwa inamaliza mjadala.

Ingemaliza kwenye injini za kawaida. Injini ya rota ya aina hii ni vipande vikubwa vitano vilivyopangwa kwa zamu, sahani, nyumba, sahani, nyumba, sahani, vikabanwa pamoja kwa bolti ndefu zinazopita toka mwisho hadi mwisho. Namba iko kwenye kipande kimoja. Kama fundi wa Japani aliijenga upya kwa vipande vya injini tatu, namba haijui. Isome, iandike, usiiamini peke yake.

Dhana: Umbo ni lilelile, kwa hiyo 13B na 12A, injini nyingine ya rota ya Mazda, hazitofautishwi bila kufungua.

Rula inatosha. Umbo la rota ni lilelile kweli. Kinachobadilika ni unene. Nyumba ya rota ya 10A, ndugu yao mwingine, ina upana wa milimita 60, ya 12A 70, ya 13B 80. Pima kati ya sahani na sahani.

Dhana: Pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya injini), utajua ni ipi na kama ni nzima.

Uwiano wa mgandamizo unatofautiana kweli: 9.0 kwa 13B-REW, 10.0 kwa Renesis. Ila sili zikichakaa, tofauti hiyo inamezwa. Geji ya kawaida nayo huonyesha uso mmoja tu wenye nguvu kuliko wote, na rota ina nyuso tatu. Unahitaji kipimo kinachotoa namba tatu kwa kila rota. Halafu kuna mwinuko. Kwa Renesis, Mazda inataka angalau kPa 680 kwa mizunguko 250 kwa dakika. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini inayosoma 680 pwani itasoma karibu 590 hapa. Betri iliyolala itaishusha zaidi. Injini nzima zimekataliwa kwa sababu hiyo, na mbovu zimepitishwa na geji ya kawaida.

Dhana: Ni lita 1.3, itakula mafuta kama Vitz.

Hapana. Kila rota huwaka mara moja kwa kila mzunguko wa shafti, kwa hiyo hula kama injini kubwa zaidi, na Japani yenyewe huzidisha ujazo huo kwa 1.5 inapotoza kodi.

Ukisharidhika na chuma, dai kompyuta na waya za injini hiyohiyo. Kompyuta ya matundu manne haiendeshi ipasavyo ya matundu sita, na kama gari ilikuwa na kinga ya wizi, dai na ufunguo wake.