Filamu ya wakubwa kwenye begi la mtoto

Kuna filamu ambayo wakaguzi wamesema mtoto asiitazame, au asiitazame peke yake. Halafu kuna begi la darasa la kwanza lenye sura ya stelingi wa filamu hiyohiyo. Mambo haya mawili yakikutana katika bidhaa moja, iwe begi, mdoli, daftari, fulana au katuni ya asubuhi, hiyo ndiyo dhana tunayoieleza hapa: kuitangaza filamu ya wakubwa, na kuivunia pesa, kwa kupitia watoto ambao filamu yenyewe imewafungia mlango.

Tuondoe kwanza mkanganyiko mmoja. Wengi wakisikia "filamu ya watu wazima" hufikiria picha za ngono tu. Hapa maana ni pana zaidi: ni filamu yoyote iliyopewa daraja la juu la umri kwa sababu ya mauaji, damu, matusi, dawa za kulevya au ngono. Nyingi zinazoangukia kwenye dhana hii ni za mapigano na za kutisha, kwa sababu ndizo zenye silaha, magari, kofia za chuma na majitu, vitu ambavyo ni rahisi kuvigeuza midoli. Filamu ya ndoa iliyovunjika haina cha kutundika dukani.

Kiini cha jambo lote ni hiki: daraja hupewa filamu, halipewi mhusika. Filamu ikiandikiwa kwamba ni ya wenye miaka 17 au 18, katazo linaishia kwenye filamu hiyo. Mhusika anabaki huru. Anaweza kutoka humo leo na kesho akakaa kwenye kopo la soda, chupa ya maji ya shule au katuni, bila alama yoyote iliyomfuata.

Mfumo wa madaraja wa Marekani, ambao herufi zake tunaziona kwenye filamu nyingi zinazotufikia, ulianza Novemba 1968. G ni ya watu wote. PG inamtaka mzazi awe macho. PG-13, iliyoongezwa Julai 1984, inaonya kwamba baadhi ya mambo hayawafai walio chini ya miaka 13. R inasema aliye chini ya miaka 17 aingie na mzazi au mlezi mtu mzima. NC-17, iliyochukua nafasi ya daraja la zamani la X mwaka 1990, haimruhusu mwenye miaka 17 wala aliye chini yake. Vipindi vya televisheni vina alama zake, na iliyo kali kuliko zote ni TV-MA. Herufi ya kuikariri ni R, kwa sababu dhana hii imejengwa hasa juu ya filamu za R.

Mhusika hutolewa kwenye filamu kwa leseni. Kampuni yenye haki za filamu inamruhusu mtengenezaji kutumia jina, sura na mavazi ya mhusika kwa muda fulani na kwa bidhaa zilizotajwa. Mtengenezaji analipa mrabaha, yaani asilimia ya mauzo ya jumla, na mara nyingi anaahidi pia kiwango cha chini atakacholipa hata bidhaa zikidoda. Chukua mfano wa hesabu: midoli 10,000 imeuzwa kwa jumla kwa shilingi 4,000 kila mmoja, hiyo ni milioni 40. Mrabaha ukiwa asilimia 10, mwenye filamu anapata milioni 4 bila kushona wala kusafirisha chochote. Kila mdoli ni tangazo la filamu, na tangazo hilo limelipiwa na mzazi.

Kuna tatizo la kalenda pia. Mdoli huanza na mchoro, kisha kinyago cha mfano, kisha kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki, kisha kiwanda, kisha meli. Safari hiyo huchukua mwaka au zaidi. Kampuni ya midoli ya Kenner ilijifunza hilo kwa uchungu mwaka 1977: filamu ya Star Wars ilipendwa ghafla, midoli haikuwa tayari, na Krismasi ile Kenner ikauza boksi lenye cheti cha ahadi tu. Midoli yenyewe iliwafikia watoto mwaka 1978. Tangu hapo watengenezaji huwahi kutia saini. Sasa, daraja hutolewa filamu ikishakamilika. Kwa hiyo kalibu inaweza kuwa imeshachongwa na oda imeshapangwa kabla mtu yeyote hajajua filamu itaandikwa PG au R. Herufi ikija kali, mzigo hautupwi.

Mwaka 1979 Kenner ilitoa mdoli wa jitu la filamu ya Alien, wenye urefu wa inchi 18, karibu sentimita 46, ukauzwa kama kitu cha watoto. Filamu ni R. Wazazi walilalamika na mdoli haukuuzika vizuri. Lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa, na mwaka 1984 ukapanuka pale mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilipoondoa miongozo iliyokuwa ikibana matangazo katika vipindi vya watoto. Katuni nzima ikaweza kuwa duka. Mipaka ya dakika ilirudi kwa sheria ya mwaka 1990: dakika 10 na nusu za matangazo kwa saa siku za mwisho wa wiki, na 12 siku za kawaida.

Katikati ya miaka hiyo sita ndipo dhana hii ilipokomaa. Rambo katika filamu ni askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam akiwa ameharibika roho. Filamu ya pili, ya 1985, ni R na watu wanakufa humo kwa makumi. Mwaka uliofuata Rambo akawa katuni ya sehemu 65, pamoja na midoli ya kampuni ya Coleco. Hata hiyo 65 ni namba ya kibiashara: siku 5 kwa wiki mara wiki 13, robo nzima ya mwaka bila kurudia. RoboCop ya 1987 ilikatwa mara kadhaa ili ipate R badala ya X, na mwaka 1988 ikawa na katuni na midoli. Mwaka 1989 zamu ilikuwa ya Freddy Krueger, muuaji wa watoto katika filamu za kutisha, aliyetolewa kama mdoli unaozungumza. Huo uliondolewa madukani baada ya watu kupinga.

Katuni za namna hiyo hufanya kazi ya kumwosha mhusika. Risasi zinageuka miale ya mwanga. Rubani wa ndege iliyolipuliwa anaonekana akishuka na parachuti. Adui anaanguka kwenye tope, anatikisa kichwa, anakimbia. Vietnam haitajwi. Mzazi akipita sebuleni haoni cha kumshtua, na kusema kweli katuni yenyewe huenda haina ubaya. Ubaya uko kwenye jina. Katuni imeachiwa jina lilelile la filamu na uso uleule, na mtoto wa miaka 7 ameshafundishwa kwamba huyu ni rafiki yake. Siku atakapoona jina hilo kwenye orodha ya muvi, hatakuwa na sababu ya kuogopa.

Kwamba wauzaji walijua wanachokifanya si kubahatisha tena. Septemba 2000 Tume ya Biashara ya Marekani, iliyoombwa na Rais Clinton kuchunguza, ilitoa taarifa yake. Katika filamu 44 za R zilizopewa daraja hilo kwa ukatili, 35 zilikuwa zimelenga walio chini ya miaka 17. Mipango ya mauzo ya filamu 28 kati ya hizo 44 iliandika waziwazi kwamba watoto hao ni sehemu ya wateja wanaotafutwa.

Kwetu Mtwara na Lindi bidhaa huja kwa mpangilio wake. Kwanza ni pesa za korosho: minada huanza Oktoba, malipo yanashuka kwa wakulima wa Newala, Tandahimba, Masasi na Ruangwa, na wafanyabiashara wanaleta mizigo kutoka Kariakoo. Kisha kuna shughuli za jando na unyago za likizo, ambapo mtoto anayetolewa huvishwa vipya kuanzia kofia mpaka viatu. Januari ni mabegi ya shule. Katika misimu yote mitatu anayenunua ni mama, shangazi au mjomba, na anachagua kwa rangi, bei na uimara wa zipu. Sura iliyo mbele ya begi ni pambo tu machoni pake. Kwa mtoto, sura ndiyo begi.

Tofauti kubwa na Marekani ni kwamba sehemu kubwa ya mabegi na fulana hizi haina leseni yoyote. Mchapishaji amechukua picha iliyo maarufu mtandaoni akaibandika. Ndiyo maana begi moja linaweza kuwa na binti wa kifalme upande huu na muuaji mwenye kinyago upande ule. Leseni halali ina mwenye jina anayeweza kulalamikiwa, na bidhaa ya bandia haina. Ofisi zetu nazo zinatazama pembe tofauti: Bodi ya Filamu hukagua filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, Shirika la Viwango (TBS) hutazama ubora na usalama, Tume ya Ushindani hupambana na bidhaa bandia. Begi si filamu. Swali la sura hii imetoka kwenye picha gani linabaki mikononi mwa mnunuzi.

Mahali ambapo jina la katuni na jina la filamu hugongana ni kwenye laibrari za muvi, vile vibanda vya kujaziwa flashi au simu. Mtoto anatumwa na flashi, anataja jina alilolisoma kwenye begi lake. Kijana wa kibandani anatafuta kwenye kompyuta, na kinachotokea mara nyingi ni filamu, kwa sababu ndiyo inayoombwa na wateja wengi. Ikishatafsiriwa kwa Kiswahili, sauti ya mtafsiri hutangulia na alama ya daraja huenda haionekani kabisa. Diski zenye filamu 20 kwa moja zina shida nyingine: jalada lina picha ya katuni, ndani kumechanganywa. Na folda iliyoandikwa "Katuni" hukusanya kila kilichochorwa, wakati kuchora ni ufundi tu na hakuna umri ndani yake. Zipo katuni za TV-MA zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wazima tangu mwanzo.

Mtego mwingine uko kwenye boksi la mdoli. Namba 3+ haisemi lolote kuhusu filamu. Ni onyo la kukabwa: vipande vidogo vinaweza kuziba koo la mtoto aliye chini ya miaka 3. Kipimo cha Marekani ni kikopo chenye kipenyo cha milimita 31.7, na kipande kinachozama chote humo kinahesabiwa hatari. Kwa hiyo mdoli wa muuaji wa filamu ya R unaweza kuandikwa 3+ au 5+ kwa haki kabisa. Ukikuta 14+ au 17+, huo mara nyingi umetengenezwa kwa wakusanyaji watu wazima, na hapo namba inastahili kusikilizwa.

Kabla ya kulipa, muulize mtoto jina la huyo aliye kwenye begi, maana yeye analijua. Andika jina hilo kwenye simu pamoja na neno "rated". Ukiona R, NC-17, TV-MA, 15 au 18 umepata jibu. Jina likileta vitu viwili, filamu na katuni, angalia miaka: filamu ikiwa imetangulia na katuni ikafuata mwaka mmoja au miwili baadaye, umekutana na dhana hii ana kwa ana. Kama mhusika alianza kwenye vitabu vya picha au katuni za watoto na filamu ikaja baadaye, fuata daraja la kile mtoto anachotaka kutazama. Baadhi ya wahusika wa vitabu vya picha wana filamu za PG-13 na za R kwa pamoja, hivyo jibu la filamu moja halitoshi kwa nyingine.

Begi likiwa limeshanunuliwa, usilichome wala kumnyang'anya. Mtoto hajakosa, na kitu kilichonyang'anywa huzidi kung'aa. Bandika kiraka au stika juu ya sura ukiweza, kisha mwambie wazi kwamba huyu ana picha za wakubwa na hatutazitazama sasa. Mwambie na kijana wa laibrari, kwa jina la filamu, kwamba mwanao akija na flashi asiwekewe hiyo. Mwenye banda la video mwombe atenge picha za mchana na za usiku. Katika mkoa unaotazamana, ng'ambo ya mto Ruvuma, na Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji ambako mapigano yamekuwapo tangu 2017, kuna watoto wanaojua kwamba aliyepigwa risasi hashuki na parachuti. Mtoto akiuliza kwa nini kwenye katuni hakuna anayekufa, mjibu siku hiyohiyo: aliyeitengeneza alitaka kuuza midoli, na watu waliokufa wangeharibu biashara.